Mada ya 9: Kumwelekeza Mtumiaji Aliyeingia Kwenye Ukurasa Salama

Malengo ya mada

Ukimaliza kusoma mada hii, uweze:

(a) kueleza jinsi seva inavyomtambua mtumiaji ambaye tayari ameingia kwenye mfumo;
(b) kutofautisha kati ya kumwelekeza mtumiaji na kumzuia;
(c) kupanga kwa hatua ukaguzi unaofanywa kabla ya ukurasa salama kufunguka;
(d) kutaja makosa ya kawaida katika kazi hii na jinsi ya kuyaepuka.

9.1 Kwa nini mada hii inakuhusu

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, wahitimu hupewa nafasi ya kubadilisha tahasusi na kozi walizochagua kupitia mfumo wa Selform wa Ofisi ya Rais – TAMISEMI. Anayekwenda chuo kikuu na kuhitaji mkopo huomba kupitia mfumo wa mtandaoni wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB). Anayetafuta kazi serikalini hutumia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Katika mifumo yote hii unafungua akaunti, unaweka nywila, kisha unapelekwa kwenye ukurasa unaokuhusu wewe peke yako.

Sasa fikiria mhitimu anayeishi Zinga, wilayani Bagamoyo. Pengine simu yake ina kioo kidogo na bando limekwisha, hivyo anakwenda steshenari iliyo kando ya barabara ya Bagamoyo na kutumia kompyuta ya pale. Kabla yake ilikaliwa na mtu mwingine, na baada yake atakaa mwingine. Ikiwa mfumo haukujengwa vizuri, anayekaa baada yake anaweza kufungua ukurasa wake na kubadilisha PCB kuwa HKL. Mwenyewe atagundua siku majina ya waliochaguliwa yanapotoka.

Kwa hiyo swali la mada hii ni hili: mtumiaji akishaingia, mfumo unampelekaje kwenye ukurasa wake, na unahakikishaje kwamba hakuna mwingine anayefika hapo?

Katika maelezo yote tutatumia mfano mmoja. Tuseme shule ya sekondari iliyopo Zinga imetengeneza programu ya wavuti yenye kurasa nne:

- /ingia – ukurasa wa kuandika namba ya mwanafunzi na nywila;
- /nyumbani – ukurasa wa kwanza wa mtu aliyeingia;
- /matokeo – matokeo ya mwanafunzi husika;
- /alama – ukurasa wa walimu wa kuingiza alama.

Ukurasa wa /ingia ni wa watu wote. Tatu zilizobaki ni kurasa salama, yaani kurasa zinazofunguka kwa mtu anayestahili tu.

9.2 Seva haina kumbukumbu

Kivinjari na seva huzungumza kwa utaratibu unaoitwa HTTP. Kivinjari hutuma ombi, seva hutoa jibu, na mazungumzo yanaishia hapo. Ombi linalofuata, hata likitoka kwenye kompyuta ileile sekunde moja baadaye, seva hulipokea kama limetoka kwa mgeni ambaye haijawahi kumwona.

Utaratibu huu ulifaa mwanzoni, Tim Berners-Lee alipobuni wavuti katika kituo cha utafiti cha CERN mwishoni mwa miaka ya 1980. Kazi ya wavuti wakati ule ilikuwa kusomesha nyaraka, na msomaji wa nyaraka hana haja ya kujitambulisha kila anapofungua ukurasa. Lakini watu walipoanza kununua vitu na kufungua akaunti, ikabidi itafutwe njia ya seva kukumbuka nani ni nani. Mwaka 1994 Lou Montulli, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Netscape, alibuni kidakuzi.

Kidakuzi ni kipande kidogo cha maandishi ambacho seva humpa kivinjari akihifadhi. Kila kivinjari kinapotuma ombi jingine kwa seva ileile, hukirudisha kidakuzi hicho. Kinafanya kazi kama beji ya mgeni shuleni. Unafika getini, unajitambulisha mara moja, unaandikwa kwenye kitabu cha wageni na kupewa beji yenye namba. Baada ya hapo mwalimu yeyote akitaka kujua wewe ni nani, anasoma namba ya beji na kuilinganisha na kitabu.

Zingatia sehemu mbili za mfano huo:

- Beji ni kidakuzi. Kinakaa kwa mtumiaji, ndani ya kivinjari.
- Kitabu cha wageni ni kumbukumbu ya kipindi. Inakaa kwenye seva.

Muda wote kuanzia mtumiaji anapoingia hadi anapotoka huitwa kipindi. Kidakuzi hakipaswi kubeba nywila wala maneno kama "huyu ni mwalimu". Kinabeba namba ya kipindi tu, tena ndefu na ya kubahatisha, ili mtu asiweze kuikisia. Habari za nani ni nani zinabaki kwenye seva, mahali ambapo mtumiaji hawezi kuzibadilisha.

9.3 Maana ya kuelekeza

Kila jibu la seva huanza na namba yenye tarakimu tatu. Namba zinazoanza na 2 zina maana kwamba ombi limefanikiwa. Zinazoanza na 4 zina maana kwamba ombi lina kasoro, na zinazoanza na 5 zina maana kwamba seva yenyewe imeshindwa. Zinazoanza na 3 nyingi humwambia kivinjari: unachokitafuta hakipo hapa, nenda kwenye anwani hii. Huko ndiko kuelekeza. Anwani mpya huandikwa kwenye mstari wa jibu unaoitwa Location.

Namba unazopaswa kuzijua ni hizi:

- 301 – ukurasa umehama moja kwa moja. Kivinjari kinaweza kulikumbuka jibu hili na safari nyingine kisiulize tena.
- 302 – nenda kule kwa sasa. Safari nyingine uliza tena.
- 303 – nimepokea fomu yako, sasa nenda kasome ukurasa ule.
- 401 – sijui wewe ni nani.
- 403 – hata kama najua wewe ni nani, huna ruhusa.

Kumwelekeza mtumiaji aliyeingia usitumie 301. Sababu ni kwamba mahali pa kumpeleka panategemea kama ameingia au hajaingia, na hali hiyo hubadilika. Kivinjari kikikumbuka kwamba /nyumbani "imehamia" /ingia, kitaendelea kumpeleka mwanafunzi kwenye fomu ya kuingia hata baada ya kuingia.

Baada ya fomu ya kuingia kutumwa, namba inayofaa zaidi ni 303. Seva ikitoa ukurasa wa nyumbani hapohapo bila kuelekeza, mwanafunzi akibonyeza kitufe cha kupakia upya, kivinjari kitataka kutuma fomu ile mara ya pili, pamoja na nywila yake. Kwenye fomu ya malipo hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu malipo yanaweza kuingia mara mbili. Kwa 303, kivinjari kinaiacha fomu nyuma na kuomba ukurasa mpya kwa kusoma tu.

9.4 Safari nzima hatua kwa hatua

Mwanafunzi yupo steshenari na anataka kuona matokeo. Mazungumzo yanakwenda hivi:

1. Kivinjari: naomba /matokeo. (Hakina kidakuzi.)
2. Seva: 302, nenda /ingia?rudi=/matokeo.
3. Kivinjari: naomba /ingia?rudi=/matokeo.
4. Seva: 200, hii hapa fomu ya kuingia.
5. Kivinjari: hii fomu, ina namba ya mwanafunzi na nywila.
6. Seva inalinganisha nywila na kumbukumbu zake. Ikiwa sahihi, inafungua kipindi kipya, inatoa kidakuzi kipya na kujibu: 303, nenda /matokeo.
7. Kivinjari: naomba /matokeo, na kidakuzi changu ni hiki.
8. Seva inakagua kidakuzi, inakuta kipindi kipo, inajua ni mwanafunzi yupi, inajibu: 200, haya hapa matokeo yako.

Katika hatua ya 6 tumesema kipindi *kipya* na kidakuzi *kipya*. Mifumo mingine humpa mgeni kidakuzi hata kabla hajaingia. Ikiwa namba ileile itaendelea kutumika baada ya kuingia, mtu mwenye nia mbaya aliyekaa kwenye kompyuta ile mapema anaweza kuwa ameinakili. Wewe ukiingia, namba aliyonayo inageuka kuwa ufunguo wa akaunti yako. Dawa ni kubadilisha namba ya kipindi kila mtu anapoingia.

9.5 Kuelekeza si kufunga mlango

Hii ndiyo sehemu muhimu kuliko zote katika mada hii. Ukisahau mengine, usisahau hili.

Kuelekeza ni maelekezo tu. Seva inamwambia kivinjari "nenda kule", na kivinjari kwa kawaida hutii. Lakini hakuna kinachokilazimisha. Mtumiaji anaweza kuandika anwani ya ukurasa moja kwa moja. Anaweza pia kutumia programu nyingine badala ya kivinjari. Kwa mfano, programu iitwayo curl haifuati maelekezo ya namba 302 mpaka uiamuru kufanya hivyo. Inapokea jibu la seva na kukuonyesha kila kilichomo.

Rudi kwenye mfano wa shule. Mlinzi getini humwambia kila mgeni: "Ofisi ya mwalimu wa taaluma ni ile pale." Huo ni ukarimu na unasaidia. Lakini ikiwa stoo ya mitihani haina kufuli kwa sababu "getini pana mlinzi", anayepita kwenye uzio nyuma ya madarasa ataingia stoo bila kuulizwa. Maelekezo ya getini hayawezi kuchukua nafasi ya kufuli la mlango.

Katika programu ya wavuti kosa hili hutokea kwa sura tatu.

Sura ya kwanza: kuelekeza bila kukagua. Mtengenezaji anapanga kwamba mwanafunzi akiingia anapelekwa /matokeo na mwalimu akiingia anapelekwa /alama. Anapojaribu, kila mtu anafika panapomhusu, naye anaridhika. Lakini mwanafunzi akiandika mwenyewe /alama kwenye kivinjari, ukurasa wa walimu unafunguka, kwa sababu ukurasa wenyewe haukuuliza chochote.

Sura ya pili: kuelekeza bila kusimama. Ukurasa unakagua, unakuta mgeni hajaingia, unaandika mstari wa Location, kisha programu inaendelea na mistari iliyobaki na kutuma matokeo yote nyuma ya maelekezo hayo. Kivinjari kinaondoka haraka, hivyo mtumiaji wa kawaida haoni kitu. Anayetumia curl anasoma kila mstari. Katika lugha ya PHP, amri ya kuandika Location haisimamishi programu, hivyo ni lazima ifuatwe na amri ya kusimama, ambayo ni exit.

Sura ya tatu: kukagua nani bila kukagua cha nani. Mwanafunzi ameingia kihalali na anaona anwani yake imeandikwa /matokeo?namba=25. Anabadilisha 25 kuwa 26 na kuona matokeo ya mwenzake. Mfumo umethibitisha kwamba ameingia, lakini haukuuliza kama namba 26 ni yake.

Makosa ya namna hii si ya wanafunzi wanaojifunza tu. Shirika la OWASP, linalofuatilia usalama wa programu za wavuti duniani, katika orodha yake ya hatari kumi kubwa ya mwaka 2021 liliweka udhaifu katika kudhibiti ruhusa kwenye nafasi ya kwanza.

Kwa hiyo kila ukurasa salama, bila kujali mtumiaji amefikaje hapo, unapaswa kupita hatua hizi kabla ya kutuma neno lolote:

1. Pokea ombi.
2. Soma namba ya kipindi kutoka kwenye kidakuzi.
3. Kama namba haipo, au haimo kwenye kumbukumbu za seva, au muda wake umekwisha: mwelekeze /ingia, kisha simama.
4. Kama kipindi kipo, angalia cheo cha mtumiaji. Kama cheo hakiruhusiwi kwenye ukurasa huu: jibu 403, kisha simama.
5. Angalia kama taarifa inayoombwa ni yake. Kama si yake: jibu 403, kisha simama.
6. Tuma ukurasa.

Ukiwa na kurasa arobaini, usiandike hatua hizi mara arobaini, maana ukisahau kwenye mmoja tu umeacha mlango wazi. Ziandike mahali pamoja ambapo kila ombi hupita kwanza, kisha orodhesha kurasa chache zilizo wazi kwa wote, kama /ingia. Ukurasa usiotajwa kwenye orodha hiyo uhesabiwe kuwa umefungwa.

9.6 Kumfikisha alikokuwa anakwenda

Umepanda daladala Makumbusho unakwenda Zinga, nalo likaishia Bunju. Unashuka, unapanda jingine. Utakachotaka ni kupita Mapinga na Kerege na kushushwa Zinga. Ukipitilizwa hadi Bagamoyo mjini kwa sababu konda hakukumbuka ulikosema unakwenda, utakuwa umesafiri lakini hukufika.

Mfumo unaompeleka kila mtu /nyumbani baada ya kuingia unafanya kama konda huyo. Mwanafunzi alibonyeza kiungo cha /matokeo, akaambiwa aingie kwanza, akaingia, kisha akajikuta /nyumbani na kuanza kutafuta upya. Ndiyo maana katika hatua ya 2 ya sehemu ya 9.4 seva iliongeza maneno "rudi=/matokeo". Inajikumbusha mahali pa kumrudisha.

Lakini hapa pana mtego. Maneno hayo yapo kwenye anwani, na anwani mtu yeyote anaweza kuiandika. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kukutumia ujumbe wenye kiungo cha shule yenu, kinachoanza na anwani halisi ya shule, lakini mwishoni ameandika rudi= na kufuatiwa na tovuti yake mwenyewe. Unaingia kwenye mfumo halisi, kwa nywila yako halisi. Kisha mfumo wenyewe unakupeleka kwenye tovuti ya yule mtu, iliyofanana na ya shule, inayokuambia: "Nywila si sahihi, andika tena." Ukiandika tena, umempa. Ni kama mpiga debe wa Bunju aliyekushika mkono na kukupakia gari lisilo lako, nawe ukaamini kwa sababu umeshushwa na gari ulilolijua.

Tiba ni kuikagua anwani ya kurudi kabla ya kuitumia. Ikubaliwe tu ikiwa ni njia ya ndani ya mfumo huohuo, kama /matokeo. Ikiwa inataja tovuti nyingine, au inaanza na mikwaju miwili (//), ambayo kivinjari huisoma kama tovuti nyingine, itupwe na mtumiaji apelekwe /nyumbani. Njia bora zaidi ni kuwa na orodha ya kurasa zinazokubalika na kukataa kila kisichomo.

9.7 Njia nayo iwe salama

Ukurasa ukiwa na kufuli lakini njia ya kuufikia iko wazi, ulinzi haujakamilika. HTTP ya kawaida husafirisha maneno bila kuyaficha. Mtu aliyeunganishwa kwenye Wi-Fi isiyo na nywila anaweza kuyasoma yanapopita hewani. HTTPS ni HTTP ileile iliyofichwa kwa utaratibu unaoitwa TLS, ambao toleo lake la 1.3 lilitoka mwaka 2018. Kwa kawaida HTTP hutumia mlango namba 80 wa seva na HTTPS mlango namba 443.

Zamani tovuti nyingi zilificha ukurasa wa kuingia tu, kwa hoja kwamba hapo ndipo nywila inapopita. Mtumiaji akishaingia, zilimwelekeze kwenye kurasa za HTTP ya kawaida. Oktoba 2010 mtaalamu wa programu Eric Butler alionyesha hatari ya jambo hilo kwa kutoa nyongeza ya kivinjari cha Firefox aliyoiita Firesheep. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya wazi, nyongeza hiyo ilinasa vidakuzi vya watu waliokuwa jirani. Kwa kubonyeza jina lao tu, uliingia kwenye akaunti zao za Facebook na nyinginezo bila kujua nywila. Januari 2011 Facebook iliwapa watumiaji hiari ya kutumia HTTPS kwenye kurasa zote, na mwaka 2013 ikawa ndiyo hali ya kawaida kwa wote.

Funzo ni kwamba anayeshika kidakuzi chako ameshika akaunti yako. Kwa hiyo mfumo wetu wa Zinga unapaswa:

- kutumia HTTPS kwenye kurasa zote, na anayekuja kwa HTTP aelekezwe HTTPS;
- kuweka alama ya Secure kwenye kidakuzi, ili kivinjari kisikitume kamwe kwa HTTP;
- kuweka alama ya HttpOnly, ili programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya ukurasa zisiweze kukisoma;
- kutuma mstari wa Strict-Transport-Security, unaokiambia kivinjari kwamba kuanzia leo kitumie HTTPS moja kwa moja kwa tovuti hii, bila hata kupitia HTTP kwanza.

9.8 Mzunguko usioisha

Kosa jingine utakalokutana nalo ukijaribu mwenyewe ni hili: kivinjari kinazunguka, kisha kinatangaza kwamba ukurasa umeelekeza mara nyingi mno. Maana yake /nyumbani inakupeleka /ingia kwa sababu inaona hujaingia, na /ingia inakurudisha /nyumbani kwa sababu inaona umeshaingia.

Angalia sababu hizi kwa mpangilio:

1. Je, /ingia yenyewe imewekwa kwenye kundi la kurasa zilizofungwa? Kama ndiyo, inajielekeza yenyewe.
2. Je, kurasa hizo mbili zinatumia kipimo kimoja cha "ameingia"? Huenda moja inaangalia kama kidakuzi kipo tu, na nyingine inaangalia kama kipindi bado ni hai. Kidakuzi cha kipindi kilichokwisha muda kitazipa majibu mawili tofauti.
3. Je, maelekezo yanataja anwani ya HTTP huku kidakuzi kikiwa na alama ya Secure? Kivinjari hakitakituma, na seva itadhani ni mgeni. Hapa ulinzi wenyewe hauna kosa. Usiiondoe alama ya Secure ili "kutibu" tatizo. Rekebisha anwani iwe ya HTTPS.

9.9 Kutoka

Turudi kwa mhitimu wetu wa steshenari. Amemaliza, amebonyeza "Toka", na mfumo umemwelekeza /ingia. Je, ametoka?

Si lazima. Ikiwa kitufe kile kimemwelekeza tu, kipindi bado ni hai kwenye seva na kidakuzi bado kimo kwenye kivinjari. Anayekaa baada yake akiandika /matokeo atayaona. Kutoka kwa kweli kuna hatua tatu: kufuta kipindi kwenye seva, kufuta kidakuzi kwenye kivinjari, kisha ndipo kuelekeza. Aidha, kurasa salama zitumwe na mstari wa Cache-Control wenye neno no-store, ili kivinjari kisihifadhi nakala yake. Bila hivyo, kitufe cha kurudi nyuma kinaweza kuonyesha ukurasa wa mtu aliyekwisha kuondoka.

Kwa upande wako kama mtumiaji: bonyeza "Toka" badala ya kufunga dirisha tu, kataa kivinjari kinapouliza kama kihifadhi nywila yako, na usimwachie mhudumu nywila "akumalizie baadaye". Ukiweza, kabla hujainuka jaribu kufungua tena ukurasa wako. Ukifunguka bila kuulizwa nywila, bado hujatoka.

9.10 Sheria inasemaje

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuwa kosa kuingia kwa makusudi kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa. Kubadilisha namba 25 kuwa 26 ili kuona taarifa za mwenzako hakuwi mchezo kwa sababu tu mlango ulikuwa wazi. Fanyia mazoezi mfumo uliojenga mwenyewe. Ukigundua udhaifu kwenye mfumo wa watu, waarifu wenyewe na usiuendeleze.

Upande wa pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Shule inayoweka matokeo ya wanafunzi mtandaoni inabeba wajibu huo.

Muhtasari

- HTTP haina kumbukumbu. Kidakuzi hubeba namba ya kipindi, na seva huhifadhi habari zenyewe.
- Kuelekeza humsaidia mtumiaji kufika. Ukaguzi kwenye kila ukurasa ndio unaozuia asiyestahili.
- Baada ya kuelekeza, programu isimame.
- Anwani ya kurudi ikaguliwe kabla ya kutumika.
- HTTPS iwe kwenye kurasa zote, na kidakuzi kiwe na alama za Secure na HttpOnly.
- Kutoka ni kufuta kipindi na kidakuzi, kisha kuelekeza.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini haifai kutumia namba 301 kumwelekeza mtumiaji ambaye hajaingia?
2. Mwanafunzi amejenga mfumo ambao walimu hupelekwa /alama na wanafunzi hupelekwa /matokeo baada ya kuingia. Anasema mfumo wake ni salama. Toa hoja mbili za kumpinga.
3. Eleza tofauti kati ya namba 401 na 403.
4. Mfumo unaonyesha ujumbe kwamba ukurasa umeelekeza mara nyingi mno. Taja sababu mbili zinazowezekana.

Dondoo za majibu

1. Kivinjari kinaweza kulikumbuka jibu la 301, na kikaendelea kumpeleka kwenye fomu hata baada ya kuingia.
2. Mtumiaji anaweza kuandika anwani ya ukurasa mwenyewe bila kufuata maelekezo. Pia mfumo haujakagua kama taarifa inayoombwa ni ya mtumiaji huyo. Ukijibu swali hili kwa kusema tu "aongeze nywila ngumu", hutakuwa umeligusa tatizo.
3. 401: seva haijui mtumiaji ni nani, anatakiwa kujitambulisha. 403: hata akijulikana, hana ruhusa ya ukurasa huo.
4. Ukurasa wa kuingia umewekwa kwenye kurasa zilizofungwa. Kidakuzi chenye alama ya Secure hakitumwi kwa sababu maelekezo yanataja anwani ya HTTP. Unaweza pia kutaja kwamba kurasa mbili zinatumia vipimo tofauti vya kujua kama mtumiaji ameingia.